IST haipigi stata, betri mpya, mafundi wawili majibu mawili

MwalimuTabata:
Habari za asubuhi wakuu, naombeni msaada. Nina Toyota IST ya cc 1300, wiki ya pili sasa inanitesa kuwaka. Nikizungusha ufunguo nasikia "tik" moja tu huko mbele afu kimya, haipigi stata. Nikirudiarudia mara tano sita kuna siku inakubali, siku nyingine inagoma kabisa nadandia daladala nafika shule vipindi vimeshaanza. Betri haijamaliza hata miezi mitatu, laki na nusu nilitoa na risiti ninayo. Fundi wa kwanza kaniambia stata (ile mota ya kuzungusha injini iwake) imekufa nikatafute ya mtumba Ilala. Wa pili akaweka testa kwenye betri gari ikiwa inaunguruma, ikasoma volti 12.7, akasema ni ndogo, oltaneta haichaji betri ndo maana. Sasa hela ya stata na oltaneta kwa mpigo sina na leo ndo kwanza tarehe 14. Kuna kingine, juzi jirani alinibusti na gari yake, mara ya kwanza ikagoma vilevile tik, akautoa ule waya mweusi wa kubustia kwenye betri yangu akaubana kwenye chuma cha injini ikawaka hapohapo. Sijui kama ina maana yoyote.

Mzee_wa_Carina:
Gonga stata na spana kubwa mtu mwingine akiwa anawasha. Mie yangu naigonga huu mwaka wa pili na inawaka. Ikigoma itisha vijana wasukume.

kipara_og:
Mkuu gari ya auto haiwaki kwa kusukumwa, unaisukuma mpaka wapi, Kibaha? 😂

FundiNyaya:
Mwalimu usinunue kitu kwanza, jibu jirani yako ameshakupa bila kujua.

Ukiwasha, taa kubwa zikiwa on, zinafifia mpaka kufa au zinabaki kali? Zikififia sana ni betri imechoka au vichwa vyake vina ule unga wa kijani, vinasafishwa kwa maji ya moto na msasa. Zikibaki kali na unasikia tik moja, betri ina nguvu ila moto haufiki kwenye stata inavyotakiwa. Tik yenyewe inaonyesha swichi na fyuzi viko sawa, mana amri imefika. Hapo wanabaki watuhumiwa wawili, zile shaba za ndani ya solenoidi, yani swichi ya umeme ya stata (stata za Toyota zinalika sana hapo, unabadilisha shaba tu sio stata nzima) au waya wa athi, ule wa hasi unaotoka betri kwenda injini.

Sasa kwanini mimi nasema athi. Stata haina waya wake wa hasi, bodi yake ndo hasi, imefungwa kwenye injini. Oltaneta nayo hivyohivyo. Jirani alipoubana mweusi kwenye injini aliupa umeme njia ya kurudi ambayo gari yako haina. Ingekuwa shaba za stata zimelika, mweusi ungeubana popote isingebadilika kitu. Na ndo maana fundi wa pili alisoma 12.7, oltaneta inawezekana inazalisha vizuri ila moto unapotelea njiani. Yani hao mafundi wote wawili wameona dalili za ugonjwa mmoja.

Azima multimita, weka DC 20. Ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, yenyewe ile risasi sio kile kibano, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Gia P, hendibreki juu, mtu awashe. Isizidi kama volti 0.3, ikipita hapo waya mbovu au umelegea. Alama ya kutoa ikitokea mbele usiijali. Halafu usiendelee kulazimisha kuwasha hivyo, umeme ukikosa njia unapita hata kwenye kebo ya gia na inaungua.

dada_Vitz:
Naingilia kidogo samahani, yangu inawaka vizuri ila nikiiacha siku mbili betri inakuwa sifuri, nayo athi?

FundiNyaya:
Hapana dada, hiyo inanyonywa ikiwa imezimwa. Una alam au traka iliyofungwa mtaani? Funga milango, subiri nusu saa, pima mkondo kwenye waya wa hasi, ikizidi miliampia 50 anza kuchomoa fyuzi mojamoja mpaka ishuke. Fungua uzi wako tusimchanganye Mwalimu.

MwalimuTabata:
Nimerudi wakuu. Taa zinabaki kali kabisa. Multimita nimeazima kwa mwalimu wa fizikia na yeye ndo kapima mimi nawasha, imesoma 4.1!! Tukafuata ule waya mweusi kutoka betri, unaenda chini kwenye gia boksi, na bolti yake imekaa tu kama pambo, unaizungusha kwa vidole, na pale chini pana kutu na matope. Nikakumbuka mwezi wa nne nilibadilisha mauntingi (raba za kushikilia) ya gia boksi, bila shaka fundi aliufungua huo waya hakukaza, na kipindi kile cha mvua nimepita kwenye maji sana. Tumepiga msasa tukakaza kwa spana namba 12, nimewasha mara kumi mfululizo kama mtoto kapewa toi. Oltaneta sasa inasoma 14.1. Gharama: msasa buku.

kipara_og:
Buku tu na mafundi walitaka stata na oltaneta. Mpe ticha wa fizikia soda.

Mzee_wa_Carina:
FundiNyaya hiyo multimita inauzwa bei gani? Nauliza tu.