Kujifunza Kifaransa kwa daftari, kamusi na redio: je, inawezekana?

Mvushaji wa Kibirizi (Kigoma) anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Nanunua chumvi ya Uvinza na kuivusha kwa boti Ziwa Tanganyika hadi Uvira na Kalemie, Kongo. Kuelewana na wateja si tatizo, kwa kuwa upande ule wa ziwa nao wanazungumza Kiswahili, ingawa cha kwao kina ladha yake. Shida huanza karatasi zinapowekwa mezani, maana ankara, risiti za ushuru na fomu za forodha zote huandikwa kwa Kifaransa. Safari iliyopita nilitia saini karatasi nisiyoielewa, nikaja kugundua kwamba nimekubali kulipia siku tatu za ghala ilhali mzigo wangu ulikaa siku moja.

Simu yangu ni kitochi na sina nia ya kuibadilisha. Ujumbe huu ananiandikia binti yangu kwenye kompyuta ya kazini kwao. Vijana wamenionyesha programu zao za lugha, lakini baada ya miezi minne wao wenyewe bado wanaishia kusema kwamba tufaha ni jekundu. Nina umri wa miaka 44, elimu ya kidato cha nne, saa moja kila alfajiri, kamusi ya zamani na redio ya betri. Nianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu anajibu:

Ndugu yangu, inawezekana. Nimefundisha Kifaransa kwa miaka 27, mingi yake bila hata kinasa sauti, na wanafunzi wakafaulu.

Ila nikuonye mapema kwamba Kiswahili kimetudekeza, kwa sababu tunachokiona kwenye maandishi ndicho tunachokitamka. Kifaransa hakina uaminifu huo. *Parle*, *parles* na *parlent* huandikwa kwa namna tatu na zote husikika "parl". *Prix*, yaani bei, hutamkwa "pri", na ile x hubaki pambo la karatasini. Anayejifunza kwa kitabu peke yake hujitungia Kifaransa chake kichwani, ambacho siku akikitamka hakuna atakayemwelewa. Kwa hiyo mtafute mtu anayeijua lugha, hata mara moja kwa wiki, akusomee imla ya sentensi tano. Uziandike kama unavyozisikia, kisha mlinganishe na maandishi yake.

Jambo la pili ni nomino. Usiandike *sel* (chumvi) peke yake, andika *le sel*. Usiandike *farine* (unga), andika *la farine*. Mgeni anayejifunza Kiswahili hulia na ngeli zetu zote, wewe una mbili tu za kubeba, ya *le* na ya *la*, lakini huwezi kuzikisia kwa kuangalia maana ya neno.

Kuhusu kukumbuka, Mjerumani Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 njia isiyohitaji umeme. Chukua boksi la viatu uligawe vyumba vitano, ukate kadi za karatasi ngumu, upande mmoja Kiswahili na upande wa pili Kifaransa pamoja na *le* au *la* yake. Kadi zote huanzia chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukijibu sawasawa, kadi husogea chumba kinachofuata, ambacho hupitiwa kwa nadra zaidi; ukikosea, hata kama ilikwisha kufika chumba cha nne, hurudi cha kwanza. Hivyo ile saa yako ya alfajiri huliwa zaidi na maneno yanayokusumbua. Anza na maneno kumi kwa siku. Ishirini ni tamaa.

Mama Dagaa (Uvira) anajibu:

Kaka, mimi ni mzaliwa wa Ujiji niliyeolewa huku, na Kifaransa nimejifunza ukubwani. Siku moja niliingia katika ofisi fulani kuomba kibali, nikatangaza kwa kujiamini kwamba nasafirisha *poison*. Karani aliweka kalamu chini. *Poisson* yenye s mbili ni samaki, *poison* yenye s moja husikika kwa z, na maana yake ni sumu. Sijalikosea tena neno hilo.

Kitakachokukwamisha kuliko kukosa simu ni ukarimu wa watu wa huku, kwani wakiona umekwama huhamia Kiswahili papo hapo. Nilipatana na mwenye duka jirani kwamba kabla ya saa tatu asubuhi asinijibu Kiswahili hata nikimsihi. Wiki ya kwanza nilinunua kwa kuonyesha kidole.

Angalia pia hesabu. Kitabu kilichochapishwa Ufaransa kitakufundisha kwamba 75 ni *soixante-quinze*, yaani sitini na kumi na tano. Kongo, Rwanda na Burundi zilirithi hesabu za Wabelgiji, kwa hiyo utasikia *septante-cinq*, na 95 ni *nonante-cinq*. Themanini peke yake imebaki *quatre-vingts*, mara nne ishirini, sijui kwa nini waliiacha.

Wakala wa Forodha anajibu:

Namheshimu Mwalimu, lakini naona amemjibu mwanafunzi wa shule, wakati aliyeuliza ni mtu anayetia saini asichokijua. Matamshi yanaweza kungoja. Kusanya karatasi zako zote za zamani uzinakili kwa mkono, mstari kwa mstari, ukiandika maana pembeni. Utaona maneno ni yale yale: *montant* ni jumla ya fedha, *poids brut* ni uzito pamoja na gunia, *poids net* ni uzito wa chumvi yenyewe, *droits de douane* ni ushuru wa forodha, *entreposage* ni kuhifadhi mzigo ghalani. Zaidi ya yote yajue maneno *lu et approuvé*, ambayo mtu hutakiwa kuyaandika kwa mkono wake juu ya saini. Maana yake ni "nimesoma na nimekubali".

Na hiyo redio usiidharau. Redio ya taifa ya Burundi hutangaza kwa Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, hivyo ukiipata, sikiliza habari kwanza kwa Kiswahili, kisha uzifuate kwa Kifaransa ukiwa umeshajua kinachosemwa.

Mvushaji wa Kibirizi anarudi:

Ahsanteni sana. Mwalimu, boksi la viatu limeshagawanywa. Mama Dagaa, shikamoo yako nitaileta mwenyewe Uvira. Jana usiku nilitafuta ile karatasi ya ghala. *Entreposage: 3 jours* imeandikwa wazi katikati. Chini, juu ya saini yangu, yapo maneno *lu et approuvé* kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa sababu karani alinipa kijikaratasi akaniambia ninakili.