Lenzi za enlaja kwenye renjifainda: 50mm au 80mm?

kamba39: Wakuu, nina lenzi mbili za enlaja (mashine ya kukuzia picha za filamu kwenye karatasi), EL-Nikkor 50mm f/2.8 na Rodagon 80mm f/4, zimekaa tu tangu niache kuprinti, nataka kupigia picha. Zote thredi ya milimita 39 na bodi yangu ni Leica ya thredi hiyohiyo, ya renjifainda (unafokasi kwa kulinganisha taswira mbili dirishani, huoni kupitia lenzi). Hiyo 50 nimeifunga ikaingia fresh ila kila kitu ukungu, mbali na karibu. Nibaki na ipi?

FundiLenzi: Kuingia lazima iingie mkuu, thredi ni ileile, ndo inapodanganya watu hapo. Kamera inataka lenzi ikae milimita 28.8 kutoka kwenye filamu, hiyo 50 inataka arobaini na kitu, afu haina ringi ya fokasi maana kule kwenye enlaja kazi hiyo inafanywa na mvukuto, hivyo lazima uweke helikoidi (bomba la thredi linalosogeza lenzi mbele na nyuma ukilizungusha) katikati ijaze hilo pengo na ndo ikupe fokasi.

nusu_stopu: Na renjifainda inakufa hapo, mseme ukweli. Kile kijiroli cha renjifainda ndani ya bodi hakina cha kugusa nyuma ya lenzi, zile taswira mbili hazisogei. Utakisia umbali. Kwa 50 sio mbaya, weka mita 5 kwa apecha (tundu la mwanga la lenzi) ya f/8, inashika kama mita 3.5 mpaka 9. Kwa 80 sahau.

Mama Filamu: 80 wa nini bila kioo! Ukitaka ndefu tafuta Visoflex II, boksi la kioo la Leica linalokaa kati ya bodi na lenzi, inageuza kamera kuwa ya kioo, unafokasi kwa macho. Ila ukiifunga lenzi inaanzia milimita 68.8 kutoka kwenye filamu, kwa hiyo 80 inabanwa, helikoidi inabaki nyembamba sana, 105 ndo inapumua.

kamba39: Sawa, 50 basi. Infiniti (fokasi ya vitu vya mbali kabisa) naipimaje wakati mgongo wa hii Leica haufunguki?

FundiLenzi: Azima Canon P au 7, thredi ileile na mgongo unafunguka. Weka kioo cha ukungu, kile kilichokwaruzwa upande mmoja, juu ya reli za filamu, upande wa makwaruzo utazame lenzi, shata kwenye B (inabaki wazi ukiibonyeza), angalia kitu cha mbali kabisa kwa lupu (lenzi ya kukuzia). Ikitulia weka alama kwenye helikoidi.

mzee_wa_dakrumu: Mnajitesa vijana. Lenzi hizi zimepigiwa hesabu ya karatasi bapa iliyo karibu, kwa mbali f/2.8 inalegea, ianzie 5.6. Leitz, watengenezaji wa Leica, walifanya kinyume, Elmar 50 ya kamera ndo waliifunga kwenye enlaja zao. Si utafute Elmar, ina fokasi na renjifainda inafanya kazi?

nusu_stopu: Mzee kaongea, ila kwa vitu vya karibu EL-Nikkor inakata kona hadi kona, Elmar haifiki hapo. Kamba, weka hudi (kikinga mwanga cha mbele ya lenzi), na kama lenzi yako ina kale kadirisha ka kuangazia namba za apecha kazibe na tepu nyeusi, mwanga unapitia hapohapo unaua kontrasti.

kamba39: Kumbe kapo kweli, kwenye zote mbili. Natafuta tepu.