Msiwaite wavivu, simu zimepangwa kuwakatiza

Jamani watu wa Mombasa, inakera kusikia kila baraza ya kahawa ikiwatukana vijana kwamba hawawezi kutulia. Simu inakuja na programu nyingi zilizo tayari kulia na kutetema, kisha lawama anatwikwa mwenye simu!

Mtazameni muuzaji pale soko la Kongowea saa za msongamano. Kichwani ameshika nyanya kilo mbili, vitunguu nusu, ndimu za hamsini na noti ya elfu aliyopewa. Akili hushika vitu kama vinne tu kwa mpigo. Simu ikitetema anatupa jicho, ile noti inamtoka. Chenji inakosewa, ugomvi unazuka. Hata asipoifungua meseji, hesabu imeshakatika.

Halafu huku kuteleza kusikoisha, kidole kinasukuma skrini na habari hazikomi. Zamani ukurasa ulifika mwisho, ukabonyeza kwenda mwingine, na hapo ndipo mtu alipojiuliza aendelee au alale. Mbunifu wa programu Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho 2006, na baadaye akajuta hadharani. Sisi tukaongezewa bando la saa moja! Kwa kuwa litakufa na kilichobaki, mtu analifukuza video juu ya video huku macho yanafumba. Hiyo si huduma, ni mtego. Bando lisiloisha muda huwa ghali zaidi, lakini halikukimbizi.

Kumbukumbu nayo inaliwa. Mwaka 2011 mtafiti wa saikolojia Betsy Sparrow na wenzake waliwapa watu habari za kuandika kwenye kompyuta: walioamini zitahifadhiwa walikumbuka chache kuliko walioambiwa zitafutwa. Ndivyo namba za wazazi zilivyotuhama kichwani. Simu ikizama pale feri ya Likoni, utampigia nani? Andikeni namba tatu kwenye karatasi, zikae pochini.

Sasa fanyeni hivi. Ingia Mipangilio, sehemu ya arifa, zima arifa za programu zote, kisha rudisha simu za kupigiwa, meseji za kawaida na za pesa. Kwenye WhatsApp fungua kundi, gusa jina lake, linyamazishe daima. Ukichagua muda wa saa nane tu, kesho kelele zimerudi. Zima na video kujipakua zenyewe, zinakula bando hata usipozitazama. Wakati wa kusoma, simu ikae chumba kingine. Kuilaza kifudifudi hakutoshi: kwenye majaribio ya mtafiti Adrian Ward na wenzake, 2017, walioiacha nje ya chumba walifanya vizuri kuliko walioilaza mezani, ingawa zote zilikuwa kimya.

Na nyinyi maadmini wa makundi ya harusi, tarehe, ukumbi na mchango vinaenea kwenye ujumbe mmoja. Wekeni kundi waandike maadmini peke yao. Mnamwamsha mtu wa zamu ya alfajiri bandarini saa saba usiku kwa sababu ya rangi ya leso?