"Ni vitamini tu, hazina madhara": wauzaji wa virutubisho, hivi mnajua mnachouza?

Wakuu, leo sina maneno matamu, mtanisamehe.

Mama yangu mzazi yuko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kaenda kwa muuzaji kulalamikia uchovu, karudi na makopo matatu: multivitamini, moja la "mifupa" na jingine la "nywele na kucha". Namuuliza, mama, walikuuliza unatumia dawa gani? "Hapana mwanangu, wamesema ni vitamini tu, hazina madhara."

Hazina madhara! Nimegeuza kopo la mifupa, huko nyuma kwa herufi za kusoma na tochi limeandikwa vitamini K. Vitamini K ndiyo mwili unayoitumia kugandisha damu, na warfarini inafanya kazi kwa kuizuia hiyo hiyo. Kwa hiyo daktari anavuta huku, muuzaji anavuta kule, na kamba ni mama yangu. Ilibidi tupige simu kliniki, sasa anarudishwa kupimwa damu upya.

Kopo la nywele ndilo limenimaliza kabisa. Bayotini (vitamini ya kundi B) mikrogramu 10,000 kwa kidonge kimoja, wakati mtu mzima anahitaji kama 30 kwa siku. Bayotini nyingi hivyo inaweza kupotosha vipimo vya maabara: vya homoni za tezi ya shingo, hata troponini, kile kipimo cha kujua kama moyo umeumia. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari tangu 2017. Muuzaji tangu 2017 mpaka leo hajapata muda wa kusoma?

Na msiniletee ile ya "ziada inatoka kwenye mkojo". Vitamini C na nyingi za kundi B, sawa. Ila A, D, E na K zinahifadhiwa mwilini, kwenye ini na mafuta. Retinoli, yaani aina ya vitamini A, ikizidi inaumiza ini, na kwa mjamzito inaweza kumharibu mtoto tumboni. Hata B6, ambayo nayo ni kundi B, ukiimeza kwa wingi kwa muda mrefu unaishia na ganzi miguuni. Wavutaji sigara ndio kabisa: Ufini waliwapa vidonge vya beta-karotini (mwili huigeuza kuwa vitamini A) wakitumaini kuwakinga, matokeo yakatoka 1994, saratani ya mapafu ikawa imeongezeka kwa waliomeza.

Kabla hamjanirukia: sipingi virutubisho. Anayetarajia kushika mimba anahitaji asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku, asiyekula kabisa vitu vya wanyama anahitaji B12, na mwenye upungufu wa madini ya chuma apewe chuma (na avifungie mbali vidonge, vinaweza kuua watoto wadogo). Lakini hao wana sababu inayojulikana. Mama hakupimwa chochote! Uchovu unaweza kuwa damu pungufu, tezi, sukari, usingizi, hata moyo. Yeye kauziwa kucha.

Nimeyarudisha makopo, nikaambiwa hela hairudi kwa kuwa yameshafunguliwa. Ndugu wauzaji mliomo humu, msipite kimya kimya. Kumuuliza mteja "unatumia dawa gani?" kunawapunguzia nini?