Binti yangu kakoseshwa jibu la haki: "girls who sing" siyo kosa!

Wakuu, habari za jioni. Naomba uzi huu usiunganishwe na zile nyuzi za kuchekana Kiingereza. Sijaja kucheka. Nina hasira tangu Ijumaa iliyopita na leo nimeona niziseme, maana najua siko peke yangu.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya serikali, jina silitaji. Ijumaa karudi na karatasi ya jaribio la Kiingereza. Swali la saba lilikuwa la kujaza nafasi: "Neema is one of the girls who ______ (sing) in the choir." Mtoto kaandika "sing". Mwalimu kapiga kosa kwa wino mwekundu, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imechanika kidogo, na pembeni kaandika "sings", ile s kaipigia mistari miwili.

Nikamuuliza kwa nini aliandika "sing". Akanijibu kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha: "Si wasichana ndio wanaoimba, mama?"

Ndiyo mwanangu, wasichana ndio wanaoimba! Wako wasichana kadhaa wanaoimba kwaya, na Neema ni mmoja wao. Mtoto wa miaka kumi na minne kaliona hilo bila kufundishwa na mtu, halafu kanyang'anywa alama.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikaenda shuleni. Mwalimu alinipokea vizuri, sikatai, alinitafutia na kiti. Akasema, "Mama, kiima hapa ni Neema. Neema ni mmoja, kwa hiyo kitenzi kinachukua s." Nikamwambia, mwalimu wangu, kitenzi cha Neema ni "is", kiko pale juu na kimeshapatana naye. Hiki cha pili kiko ndani ya kishazi tegemezi, yaani kile kipande kinachoanzia kwenye "who", na kishazi chenyewe kimeandamana na "girls". Akasema mwongozo wake wa kusahihishia ndivyo unavyosema. Tukaenda kwa mwalimu wa taaluma, naye akanituliza: "Ni alama moja tu mama, isikuumize."

Basi sikilizeni hiyo alama moja ilivyofanya. Jana usiku napitia daftari la binti, nakuta kaandika: "My brothers who plays football are in Form Four." Nikashtuka. Mtoto huyu hajawahi kukosea hivyo. Nikamuuliza, akasema, "Mwalimu kasema who inaenda na s." Kwa hiyo mtoto aliyekuwa anajua, sasa hajui. Alikuwa anaangalia jina linalotangulia, sasa anaangalia "who" na kubandika s kila anapoikuta. Kufuta kanuni ya uongo aliyoipata kwa mwalimu wake ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya, kwa sababu mimi ni mama tu na yule ndiye mwenye kalamu nyekundu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ufunguo wa jambo hili tunao mdomoni tangu utotoni. Semeni wenyewe: "Neema ni mmoja wa wasichana wanaoimba kwaya." Kuna anayesema "mmoja wa wasichana anayeimba"? Wapo wachache, lakini sikio linagoma. Sasa semeni: "Neema ndiye pekee kati ya wasichana anayeimba kwaya." Hapo umoja umekuja wenyewe, kwa sababu anayeimba ni mmoja. Kiingereza nacho kinafanya vilevile: "one of the girls who sing", lakini "the only one of the girls who sings". Ni upatanisho wa kisarufi, somo ambalo wanafunzi wetu wanalisoma kwenye Kiswahili shule hiyohiyo.

Tofauti ni kwamba kirejeshi chetu, ile -vyo-, -yo- au -o- inayorejea kwenye jina, kinajitangaza. Vitabu vilivyopotea, miti iliyokatwa, mayai yaliyovunjika: huwezi kukosea kujua kinachozungumziwa ni kipi na ni vingapi. Kwenye Kiingereza "who", "which" na "that" hazibadiliki kwa umoja wala wingi. Wakati uliopita ndiyo kabisa, hata kitenzi kinanyamaza: "the egg that broke", "the eggs that broke". Wingi unaonekana kwenye jina peke yake. Mpaka ufike kwenye "is" na "are", "was" na "were", "has" na "have", au ile s ya wakati uliopo, ndipo kitenzi kinapolazimika kusema kinafuata nani. Ndiyo maana mtoto inabidi afundishwe kugeuka nyuma na kujiuliza: kishazi hiki kimelifuata jina gani? Swali hilo moja linatosha, na darasani hawaliulizi.

Nilimuuliza binti kwa nini hakumweleza mwalimu kama alivyonieleza mimi. Akasema angelazimika kueleza kwa Kiswahili, na ukutani kuna bango la "Speak English Only", na kiranja anaandika majina. Kwa hiyo mtoto ana sababu sahihi kichwani, lakini akiitoa ataandikwa jina. Wakuu, hapo ndipo nilipolia.

Mtaniambia nakuza jambo dogo. Mimi natoa mizigo bandarini, barua pepe za Kiingereza ndiyo kazi yangu kutwa nzima. Kuna wakati tulikuwa na kontena sita za mteja, mbili zimebonyea. Mwenzetu akawaandikia watu wa yadi: "The containers, which were damaged, should be moved to the other yard." Angalieni ile mikato miwili. Bila mikato, kishazi kinachagua: hamisheni zile zilizobonyea tu. Ukiweka mikato, umesema kontena zote zimebonyea na zote zihame. Zikahamishwa zote sita. Mteja akalipishwa gharama za kontena nne zisizo na hata mkwaruzo, na maneno aliyotuambia siwezi kuyaandika hapa. Aliyeandika ana cheti kizuri tu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kishazi kinachofuata jina la wingi kinaweza kuwataja wote au kuwachagua baadhi, na kwamba kinachotenganisha maana hizo mbili ni mkato.

Halafu nikiwa bado pale shuleni nikakabidhiwa barua ya wazazi. Nainukuu kama ilivyo: "All students which their parents has not paid for lunch they will remain at home." Nilisoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni. Ukiitazama unaiona sentensi ya Kiswahili chini yake: wanafunzi wote ambao wazazi wao hawajalipia chakula. "Ambao wazazi wao" imekuwa "which their", wakati Kiingereza kina neno lake la hapo, "whose". "Parents" ni wengi lakini wamepewa "has". Na ile "they" haina kazi, kwa sababu "students" ameshakaa kwenye nafasi ya kiima. Ilitakiwa iwe: "All students whose parents have not paid for lunch will remain at home."

Simcheki aliyeandika. Kiingereza hatukuzaliwa nacho, na kosa la namna hiyo lina mantiki yake. Hata wanaosema "the books which I bought them" wanaileta ile -vi- ya "vitabu nilivyovinunua", ambayo kwetu ni sahihi kabisa, ila kwa Kiingereza "which" imeshaishika nafasi hiyo. Hayo yanasahihishika kwa upole. Hasira yangu ni kwamba ofisi ileile inayotuandikia hivyo ndiyo inayomnyima mtoto alama kwa jibu sahihi, na akihojiwa mtu anajibu "mwongozo unasema".

Najua kuna watakaokuja na hoja kwamba Waingereza wenyewe husema "he is one of those people who always comes late". Kweli, wanasema, na wanaandika pia, na kamusi za matumizi ya lugha zimelirekodi hilo muda mrefu. Fowler, aliyeandika kuhusu matumizi ya Kiingereza mwaka 1926, alishikilia kwamba hapo kitenzi kiwe cha wingi. Wengine baada yake wamelegeza, wanakubali yote mawili. Sawa, kubalini yote mawili! Lakini kitabu kinachosema wingi pale ni kosa sijawahi kukiona, na kama mwongozo wa kusahihishia una jibu moja tu tena lile dhaifu, basi mwongozo ndio upigwe wino mwekundu.

Mtihani wa taifa wa kidato cha pili uko mbele. Kila jioni sasa nakaa na binti mezani, anatafsiri sentensi kwa Kiswahili kwanza kwa sauti, akisikia "wanao-" anaandika wingi, akisikia "anaye-" anaandika umoja. Jana alipata nane kati ya kumi. Mbili alizokosa zote aliongeza s, na mara zote mbili alinitazama kwanza usoni kabla ya kuandika.

Walimu wa Kiingereza mliomo humu, sitaki pole. Nijibuni hili tu: nikirudi Jumatatu na hiyo karatasi, mtoto anarudishiwa alama yake au harudishiwi? Na nani atasimama mbele ya darasa zima awaambie wenzake arobaini waliosahihishwa vilevile?