Mume wangu amepewa ukuu wa jimbo. Mliopitia maisha haya, nisaidieni

Mama Mch wa Bondeni
Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu ni mchungaji wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), tumekaa usharika mmoja miaka tisa. Mwezi uliopita akaingizwa kazini kuwa mkuu wa jimbo la kanisa: anasimamia sharika kumi na nne na wachungaji wake, na mitaa iliyo chini ya sharika hizo hata sijaihesabu. Sokoni wananipongeza kana kwamba tumeokota dhahabu. Tangu siku ile hajala chakula cha jioni nyumbani siku mbili mfululizo. Juzi saa saba usiku simu ikaita, akatoka nayo nje, akakaa huko kama saa nzima, akarudi kulala bila neno. Nikimuuliza, "Mambo ya ofisi." Watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili. Ndivyo itakavyokuwa?

Kiti cha Nyuma
Mama, pole, lakini msitulilie sana. Gari anapewa, na kila usharika akitembelea anafungashiwa kuku na viazi. Sisi huku tunahesabiwa bahasha za sadaka.

Bibi wa Milimani
Kiti cha Nyuma, hao kuku nawajua mmoja mmoja, maana niliwachinja mimi. Waliliwa na watu waliokuja kwangu kushtakiana.

Mama Mch, mwanangu, mzee wangu alikuwa mkuu wa jimbo kule Makete miaka minane, akastaafu 2009. Gari la jimbo tulilikuta limechoka. Miezi ambayo wageni wanapanda Kitulo kuangalia maua ndiyo hiyo hiyo sisi tulikuwa tunalisukuma kwenye tope. Baba mkwe, aliyekuwa mwinjilisti tangu makanisa saba hayajaungana kuwa KKKT mwaka 1963, alikuwa akitucheka: yeye njia zile alizimaliza kwa miguu.

Lakini tope unalizoea. Kilichonishinda mimi ni ugomvi wa watu wengine kukaa mezani kwangu. Usharika mmoja walivurugana kwa hela za bati. Jumanne akaja mzee wa kanisa, akanywa chai. Jumatano akaja mchungaji wake, akakaa kiti kile kile, nikamwekea kikombe kile kile. Kila mmoja kwa wakati wake: "Mama, wewe unaonaje?" Mimi sijui lolote, mzee wangu hajaniambia, na nikisema sijui hawaamini. Nikajifunza kuuliza habari za mvua na pareto. Yule mchungaji alipohamishwa, mkewe aliacha kunisalimia. Tulikuwa tumesuka ukili pamoja miaka mingi.

Halafu misiba. Miaka ile UKIMWI ulivyoipiga Makete, wenye umri wangu wanakumbuka. Mkristo wa kawaida anazikwa na mchungaji wake, ila akifa mwinjilisti au mchungaji, watu wanamtaka mkuu wa jimbo. Kuna wiki alizika mara nne. Akarudi, akavua mabuti, akakaa kigodani jikoni, akaniambia nisiwashe taa.

Mama yake mzazi alilazwa wiki aliyokuwa anapatanisha usharika wa mbali. Akasema atapitia hospitalini kesho yake. Mvua ikanyesha, gari likakwama, na kesho hiyo mama akafariki. Mazishini watu wakatazamia aongoze ibada, naye akaongoza. Alilia baada ya miezi mitano, tukiwa tunapalilia viazi, wala hakuna aliyekuwa ametaja habari za mama.

Mtunza Hazina Mstaafu
Naongezea la fedha, maana nimeshika vitabu vya jimbo, ingawa si huko Makete. Kila usharika wenye harambee unamwandika mkuu wa jimbo mgeni rasmi. Mgeni rasmi hafiki mikono mitupu. Wa kwetu alikopa SACCOS ili achangie madhabahu za watu, na mkopo ukakatwa kwenye mshahara ambao wenyewe ulichelewa kwa sababu sharika hazijaleta sehemu ya jimbo. Waliochelewesha ndio hao hao waliompa kadi. Nilimwambia aseme hapana. Akasema, "Nikikataa mmoja nimebagua."

Kiti cha Nyuma
Haya, nimekaa kimya. Ila bahasha bado ni nyingi.

Mama Mch wa Bondeni
Shikamoo bibi. Nimesoma nikiwa jikoni, ugali umeungua. Sasa nifanyeje? Nisiulize kabisa?

Bibi wa Milimani
Marahaba mwanangu. Mambo ya ofisi usiulize, hata akikwambia yatakuelemea, na wageni watayasoma usoni pako. Muulize kama amekula. Mtafutie mchungaji mstaafu asiye wa jimbo lenu wa kuongea naye, maana yeye sasa ni mchungaji wa wachungaji, na wa kwake hana.

La pili, jengeni. Nyumba mnayolala ni ya kanisa. Sisi tulianza kufyatua tofali mwaka wa sita, barua ya kukabidhi nyumba ikaja hatujapaua. Tulihamia chumba kimoja kwa shemeji, na majoho ya mzee kwenye mfuko wa mbolea. Hata kama ni tofali mia kwa mwezi, anzeni.

Na huyo mkubwa wa kidato cha pili, baba yake amchukue kwenye safari moja moja, hata kama ni ya kwenda kwenye harambee.

Hiyo simu ya usiku itaendelea kuita. Mtundikie sweta nyuma ya mlango, atoke nalo. Nje kuna baridi.