Mwanangu ndiye mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye mwenyewe

MamaWatano:
Ndugu zangu, hodi. Mimi ni Mkongo wa Fizi. Niliishi kambi ya Nyarugusu, Kasulu, tangu 1996 hadi tulipopata safari ya Marekani. Sasa tuko Louisville, Kentucky, mwaka wa pili. Shida yangu ni mtoto wangu wa tatu, ana miaka 11. Nyumbani tunasema Kibembe, nje alicheza kwa Kiswahili, darasani kambini alifuata masomo ya Kongo, yaani Kifaransa. Hapa ni Kiingereza. Walimu wanasema ni mzito, ukimuuliza hajibu, wanataka apimwe ahamishiwe elimu maalumu.

Kikao cha kwanza mkalimani alikuwa kwenye simu. Nikasema "musimutoshe." Kwetu kutosha ni kuondoa. Mkalimani, kwa lafudhi mtu wa pwani, akaelewa kwamba nasema mtoto hatoshi. Mwalimu akaniangalia kwa huruma, akaandika. Nilijua baadaye, binti yangu mkubwa aliposoma karatasi.

Kikao cha pili mkalimani hakupatikana, wakamwita mtoto mwenyewe atafsiri. Mwalimu aliongea muda mrefu. Mtoto akanigeukia: "Mama, wanasema niko sawa." Niliona macho yake. Sikumuuliza kitu, hadi leo sijamuuliza.

Alhamisi wananitaka niweke sahihi. Nikikataa nitaonekana mkorofi? Mimi nimelelewa kwamba mwalimu hapingwi.

mkalimani_wa_zamu:
Shikamoo mama. Mimi ni Mtanzania, kazi yangu ni kutafsiri kwa simu. Kosa hilo la "kutosha" na mimi nililifanya mwanzoni, kwa mzee mmoja hospitalini, na bado linaniuma. Waambie mapema waandike *Kiswahili cha Kongo*, wasiandike Kiswahili peke yake. Mkalimani akija, muulize ametoka wapi kabla hamjaanza.

Na mtoto asitafsiri tena. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na ndiyo inayowabana wamletee mzazi mkalimani mtu mzima anayejua kazi, bila malipo. Kudai hilo si ukorofi, mama.

Uvira_Dada:
Dada, usiweke sahihi kitu ambacho hujaelezwa ukaelewa. Kupima mtoto kwa mara ya kwanza kunahitaji ruhusa yako ya maandishi, na sheria inataka apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana. Mtoto anayebeba lugha nne atanyamaza kwanza. Wangu alinyamaza miezi saba!

Lakini usikatae kupimwa kwenyewe. Mimi nilikataa kwa hasira, nikapoteza mwaka mzima. Kumbe sikio la kushoto halikuwa linasikia, lilioza akiwa mdogo kambini na sote tukasahau. Omba waanze na masikio na macho. Kama una madaftari yake ya kambini, nenda nayo. Hesabu haina Kiingereza.

MamaWatano:
Mungu awabariki. Leo nimekwenda ofisini kwao na mama mmoja wa kanisani anayejua Kiingereza. Wamesogeza kikao hadi Jumanne na wameandika Kiswahili cha Kongo, nimeona kwa macho yangu. Masikio watayapima kwanza.

Daftari nimelipata chini ya sanduku, la hesabu. Sehemu na desimali, na alama za vema nyekundu za mwalimu wake wa Nyarugusu ukurasa baada ya ukurasa. Nililiweka mezani. Mtoto alilifungua akalisoma lote amesimama, begi bado mgongoni.

Nikamwambia Jumanne hutaingia kutafsiri. Akauliza, "Sasa nani atakuambia wanachosema?" Nikamwambia, mtu mzima. Akalivua begi.